Unyoya na Ini la Mama Mkwe

Tarehe 14 Juni 2019 mpimaji mmoja wa altrasaundi alipokea cheti cha kupima ugumu wa tishu kwa mawimbi ya sauti, akiwa mtu wa pili kukipata katika hospitali anayofanyia kazi. Ametundika cheti hicho nyuma ya mlango wa chumba cha altrasaundi, mahali ambapo mlango ukiwa wazi hakionekani, na mlango huo hufungwa tu mgonjwa anapopimwa. Aliyekipata wa kwanza ni mwenzake wa zamu, mwanamume mnene anayeitwa Baba Mapacha. Yeye ametundika chake juu ya sinki la kunawia mikono, ili kila anayeingia akisome atake asitake.

Mwanamke huyu wenzake humwita Unyoya. Jina lilitoka kwa mgonjwa, dereva wa lori, aliyelala kitandani akiwa amekaza misuli akisubiri maumivu, kisha akauliza kazi itaanza lini wakati ilikuwa imeshakwisha. Wapimaji wengi hukandamiza ili picha itoke vizuri. Unyoya huegemeza ukingo wa kidole chake kidogo juu ya ngozi ya mgonjwa, kidole hicho kikabeba uzito wa mkono, na kile kifaa kinachopitishwa tumboni, ambacho wao hukiita probu, kikaelea juu ya jeli. Chupa za jeli huzitia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Mashine yenyewe ina gurudumu moja bovu, na chini yake amesokomeza kipande cha boksi kilichokunjwa ili isiyumbe. Huyo ndiye mtu, na hicho ndicho chumba.

Kazi yake inahitaji kuelezwa kidogo. Altrasaundi ya kawaida huonyesha umbo: kitu kiko wapi, kina ukubwa gani, kingo zake zikoje. Kipimo cha ugumu huuliza swali jingine. Mashine husukuma ini kwa mdundo mfupi wa sauti usiosikika, ini likatikisika, na mtikisiko ukasafiri kwenda pembeni kama viwimbi kwenye beseni lililogongwa. Penye ugumu viwimbi huenda mbio, penye ulaini hujikokota. Mashine hupima mwendo huo na kuupaka rangi kwenye skrini, buluu kwa laini, nyekundu kwa gumu. Uvimbe wa saratani kwenye ini mara nyingi huwa mgumu kuliko ule usio na madhara, lakini si kila mara, na hakuna daktari makini anayehukumu kwa rangi peke yake. Kipimo hiki ni shahidi mmoja, na wengine nao lazima wasikilizwe.

Tena ni shahidi anayeyumbishwa kwa urahisi. Mgonjwa akija ameshiba, ini hujaa damu na namba hupanda. Akijaza mapafu na kubana pumzi, namba hupanda vilevile. Na mpimaji akikandamiza, hasa pale ambapo hakuna ubavu wa kuuzuia mkono, uvimbe laini unaweza kuonekana mgumu. Hilo la mwisho ndilo Unyoya huwaambia wanaokuja kujifunza kabla hata hawajavua saa zao.

Baba yake alikuwa fundi wa tairi. Alifanya kazi kwenye kibanda cha bati kando ya barabara, na watoto wake walikulia kwenye harufu ya gundi na mpira. Wateja walikuwa wakibonyeza tairi kwa kidole gumba na kumwambia hewa inatosha. Yeye aliwajibu kwamba kidole husema unachotaka kusikia, kisha akachomeka geji ya kupimia hewa. Lakini pia alimfundisha binti yake kwamba geji ikishikwa upande, hewa huvuja pembeni na namba inayosomeka ni ya uongo, na uongo wa geji ni mbaya kuliko wa kidole kwa sababu watu huuamini. Unyoya anasema hakulifikiria neno hilo kwa miaka mingi, mpaka siku alipompima mama mkwe wake.

Mama mkwe ni mwalimu wa michezo aliyestaafu. Filimbi yake imening'inia kwenye msumari jikoni, na bado huipuliza kuwaita wajukuu mezani. Kila asubuhi huwatoa wanawake wa mtaani kutembea haraka kuzunguka uwanja wa shule, na anayechelewa huambiwa mbele ya wenzake kwamba kitanda chake kimemzaa upya. Unyoya alipoolewa, bibi huyu aliieleza kazi yake kwa majirani kuwa ni kupaka watu mafuta gizani na kulipwa mshahara. Walichukua muda kuzoeana. Siku hizi akikasirika humwita "mke wa mwanangu", na mambo yakiwa shwari humwita "mwanangu" tu, kiasi kwamba mume, ambaye ni fundi wa friji, hujua hali ya hewa ya nyumbani kabla hajavua viatu.

Mwaka uliopita bibi alianza kupata maumivu chini ya kifua baada ya kula. Alikwenda zahanati ya jirani bila kumwambia mtu, akapimwa ili kuona kama ana mawe kwenye nyongo. Mawe hayakuwepo. Kilichokuwepo ni uvimbe kwenye ini, upande wa kushoto. Aliitangaza habari hiyo mezani, katikati ya kuomba apitishiwe chumvi.

Unyoya alimpeleka kwa daktari wa ini katika hospitali yake, mwanamke mfupi ambaye huzungumza huku akiandika na huandika haraka kuliko anavyozungumza. Daktari alisema mambo mengi yalikuwa mazuri: damu haikuwa na virusi vya homa ya ini, ini lenyewe lilionekana zima, na uvimbe ulikuwa na kingo safi. Alitaka ugumu wake upimwe. Ukiwa laini, hatua inayofuata ni siti skani yenye dawa ya mshipani, halafu kuufuatilia. Ukiwa mgumu, itabidi wazungumze kuhusu sindano ya kuchukua kinyama cha uvimbe huo ili kichunguzwe.

Bibi alisema kuhusu sindano wazungumze na mtu mwingine.

Hakuwa anatania. Mdogo wake alichomwa sindano kama hiyo tumboni na akafariki wiki chache baadaye. Madaktari walieleza kwamba ugonjwa ulikuwa umeshasambaa kabla ya sindano, na Unyoya mwenyewe alieleza tena nyumbani, kwa maneno mepesi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema ameelewa, akasema sindano hataki. Alimsindikiza mmoja, hatajisindikiza mwenyewe. Namba ikitoka mbaya atarudi nyumbani na uvimbe wake waishi pamoja, atakayetangulia atangulie.

Kwa hiyo kila kitu kilibaki kwenye kipimo kimoja. Mume hakulala vizuri wiki ile. Alikuja na mpango kwamba, mambo yakienda vibaya, mama yake aambiwe anatolewa damu tu, apewe dawa ya usingizi, kisha sindano ipigwe bila yeye kujua. Unyoya alikuwa akikunja nguo. Alimjibu bila kugeuka, "Mama yako si friji, useme utamzima kwanza ndiyo umfungue." Mpango ukafia hapo.

Katika idara ya altrasaundi kuna kanuni ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: wa kwako hapimwi na wewe. Mkono unaompima mtu wa nyumbani una mambo yake. Unyoya aliijua kanuni hiyo vizuri. Tatizo ni kwamba mtu mwingine pekee mwenye cheti alikuwa Baba Mapacha, na mama mkwe alishasema kwamba hatafunua tumbo lake mbele ya mwanamume asiyemjua, umri aliofikia ni wa kuheshimiwa si wa kufunuliwa. Daktari aliinua mabega na kuendelea kuandika. Unyoya akakubali kupima mwenyewe. Anasema alijiambia kwamba ini ni ini.

Walikuja asubuhi, bibi akiwa hajala kitu, jambo ambalo aliwaarifu wote waliokuwa kwenye benchi la nje. Alilala chali, mkono wa kulia juu ya kichwa ili mbavu zifunguke. Unyoya alianza na ini lenyewe, akipita kati ya mbavu, na kila kitu kilikwenda kama kawaida: kisanduku cha rangi kikajaa buluu tulivu, namba zikafuatana bila ugomvi. Kisha akahamia upande wa kushoto, chini ya kifua, mahali ambapo mbavu zimekwisha na kilichobaki ni ngozi, mafuta, misuli, halafu uvimbe.

Rangi ya manjano ilitokea, ikafuatwa na nyekundu kwenye ukingo. Namba ya kwanza ilikuwa ya juu. Ya pili ilikuwa ya juu zaidi, ya tatu ikashuka, ya nne ikapanda tena. Alirudia. Mama mkwe alikuwa anatazama dari, ambako feni ilikuwa ikizunguka taratibu.

"Mwanangu," alisema, "unanibonyeza kama mtu anayenunua parachichi."

Unyoya alimjibu kwamba habonyezi.

"Basi parachichi limejibonyeza lenyewe."

Hapo ndipo alipoitazama sehemu ya juu ya picha, ile ambayo mpimaji aliyezoea haitazami tena. Tabaka la ngozi na mafuta, ambalo kwa mwanamke yule lilipaswa kuwa na unene wa kidole, lilikuwa limebanwa likawa jembamba kama mkanda. Aliinua probu. Kwenye ngozi ya mama mkwe kulikuwa na alama ya mstatili, nyekundu, yenye pembe zote nne. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwa amewahi kumwachia mgonjwa alama.

Alijaribu tena. Akaongeza jeli, akaegemeza kidole kidogo, akalegeza bega. Kwa muda mfupi rangi ilitulia. Kisha uvimbe ulipoonekana wazi katikati ya skrini, mkono ukaufuata chini wenyewe, na nyekundu ikarudi. Alikuwa anautafuta ugumu alioogopa kuupata, na kwa kuutafuta alikuwa anautengeneza. Geji ilikuwa imeshikwa upande.

Alifuta jeli kwenye tumbo la mama mkwe na kulifunika kwa shuka.

"Mama, mkono wangu leo haufai," alisema. "Unaogopa."

Bibi hakugeuza kichwa. "Namba ilikuwaje?"

"Mbaya. Lakini si yako, ni yangu."

Unyoya alimweleza kwamba angeweza kuandika namba ile na hakuna ambaye angeihoji, na mama angekwenda nyumbani na uvimbe wake kama alivyoapa, kwa sababu ya mkono wa mtu. Hakutaka kufanya hivyo. Aliyebaki ni mwenzake, na mwenzake ni mwanamume, na uamuzi ni wa mama. Mama mkwe aliwaza. Mwishowe alisema aitwe, ila shuka lisishuke zaidi ya inavyobidi, na asije na stori.

Baba Mapacha alikuwa chumba cha pili. Alipoambiwa nani anamsubiri, alinawa mikono, akaikausha, kisha akainawa tena. Unyoya alidhani ni usafi. Alikuja mpaka kwenye pazia na kusimama upande wa nje.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo?"

Nyuma ya pazia, mtu mzima mwenye cheti juu ya sinki, mwenye watoto wawili na kitambi, alivuta pumzi. "Ni Konokono, Mwalimu."

Bibi aliinua kichwa kutoka kwenye mto. "Konokono wa mzunguko wa uwanja?"

"Ndiye."

"Ulimaliza?"

"Ndiyo kwanza nafika, Mwalimu."

Mama mkwe alicheka mpaka kitanda kikalia. Ikajulikana kwamba alimfundisha mbio utotoni, kwamba hakuwahi kumaliza mbele ya mtu yeyote, na kwamba jina hilo alipewa na yeye bibi kwa filimbi mdomoni. Ikajulikana pia kwamba Baba Mapacha alijua siku zote mama mkwe wa Unyoya ni nani, na kwamba kwenye harusi ya Unyoya alikula chakula chake chote akiwa nyuma ya nguzo. Unyoya alikuwa amefanya naye kazi miaka yote hiyo bila kusikia neno. Mtu wa kwanza kupata cheti hataki ijulikane kwamba alizoea kuwa wa mwisho.

Mwanamume asiyemjua alikuwa ameyeyuka. Aliyebaki alikuwa mwanafunzi wake, na mwanafunzi ni mtoto wa nyumbani. Bibi alijifunua tumbo mwenyewe.

Unyoya alihamia upande wa pili wa pazia. Alisimama mbele ya sinki na, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kutazama, alisoma cheti cha Baba Mapacha tangu juu mpaka saini. Nyuma yake aliwasikia. Bibi alipoambiwa azuie pumzi, alijaza kifua kama yuko kwenye gwaride.

"Hapana, Mwalimu. Hapa hatushindani," Baba Mapacha alimwambia. "Pumua kawaida. Nikisema simama, simama hapohapo ulipo."

"Ndivyo ulivyokuwa ukikimbia."

"Ndiyo maana kusimama nakujua."

Alichukua muda wake. Ni mtu wa taratibu, jambo ambalo wagonjwa kwenye benchi humlalamikia kila siku, na ambalo asubuhi ile hakuna aliyelilalamikia. Kila kipimo alikiacha kitulie kabla hajakikubali. Alipomwita Unyoya aje kuona, kisanduku kilikuwa buluu, kikiwa na kijani hafifu katikati ya uvimbe, na namba zilikuwa zimesogeleana kama ndugu kwenye picha ya pamoja. Tabaka la mafuta juu ya picha lilikuwa nene kama inavyopasa. Alama ya mstatili kwenye ngozi ilikuwa imeanza kufifia.

Unyoya alimpa Baba Mapacha karatasi ya kufutia jeli, naye akampa nafasi amfute mama yake.

Daktari wa ini alipokea matokeo kwa ubaridi wake wa kawaida. Alikumbusha kwamba ulaini ni habari njema, si hati ya kuachiwa huru, na akaandika siti skani. Siti skani ilifanyika wiki iliyofuata. Dawa ilianza kuujaza uvimbe kutoka pembeni, ikaingia ndani polepole mpaka katikati, na daktari akasema hiyo ndiyo tabia ya fundo la mishipa ya damu, uvimbe usio saratani ambao huenda bibi amekuwa nao tangu enzi za filimbi. Sindano haikuhitajika. Maumivu baada ya kula yalitokana na tindikali tumboni, nayo yakatulia kwa vidonge na kwa kupunguza chai ya usiku, jambo ambalo bibi analihesabu kuwa ndilo baya pekee lililompata.

Katika kikao cha idara Unyoya aliwaonyesha wenzake picha zote mbili, yake na ya Baba Mapacha. Hakuzificha wala hakujipiga kifua. Alieleza wapi pa kutazama: tabaka la juu, namba zinazorukaruka, alama kwenye ngozi. Kuna aliyeuliza kwa nini mpimaji mwenye mkono mwepesi kuliko wote ndiye aliyekandamiza. Alijibu kwamba wepesi ule ni wa watu asiowajua. Sasa kanuni imeandikwa kwa kalamu nene na kubandikwa: wa kwako apimwe na mwenzako. Picha yake mbovu anaitumia kufundishia, na wanaojifunza huambiwa ni mkono wa nani.

Kanuni ile imebandikwa nyuma ya mlango, juu ya cheti chake. Nilipomuuliza kama huko itasomwa, alisema wageni hawaihitaji. Wanaoihitaji hufunga mlango kabla ya kumpima mtu, na mlango ukifungwa wanaitazama.

Mume amerudi kulala. Hajawahi kuukiri ule mpango wa usingizi mbele ya mama yake, na Unyoya ameuweka akiba kwa ajili ya siku atakayohitaji kushinda hoja. Baba Mapacha alialikwa nyumbani kwa chakula cha mchana pamoja na mkewe na watoto wao pacha. Safari hii alikaa mezani, pembeni ya mwalimu wake. Baada ya kula, bibi alitoa filimbi msumarini na kuwapanga pacha na wajukuu zake mstari mmoja uani. Pacha mmoja alikuja wa kwanza. Mwenzake alifika wa mwisho kabisa, akihema, akatazama juu kusubiri neno. Bibi alimfuta jasho, akamwambia amefika. Jina hakumpa.

Mama mkwe bado anatembea na wanawake wake kila asubuhi kuzunguka uwanja wa shule, na wakimuuliza habari za ini lake huwaambia ni laini, hata mkwe wake alishindwa kulifanya gumu. Huisema kwa kujivuna, na siku hizi jirani anayemwita Unyoya mpakaji mafuta hukatwa kauli na bibi mwenyewe.

Uvimbe utapimwa tena baada ya miezi sita kuona kama umekua. Miadi ni ya asubuhi, kabla ya kula. Baba Mapacha ndiye atakayeshika probu, na Unyoya atakaa nje kwenye benchi pamoja na ndugu wengine wa wagonjwa.